Sahani ya Pili

Aliweka kiganja juu ya sahani.

Mama mwenye loji alikuwa amesimama mbele yake, sufuria la wali mkono mmoja na bakuli la dengu mkono wa pili, tayari kumwongezea. Yeye akafunika sahani kwa kiganja, akatabasamu, akatikisa kichwa. Mama akapita kwa mtu mwingine.

Aliyewahi kutembea milima ya Nepal anajua uzito wa kiganja kile. Dal bhat, yaani wali, dengu, mboga na achari pembeni, huongezwa bure mpaka mwenyewe useme basi, na mpagazi aliyebeba mzigo tangu asubuhi hasemi basi kwenye sahani ya kwanza. Siku zote tulizokuwa njiani nilimwona mpagazi wetu huyu akila sahani mbili, mara nyingine tatu, kimya, kwa mkono, akikusanya wali kwa vidole vilevile tunavyoukusanya sisi. Jioni ile tulikuwa Ledar, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na hata ya kwanza hakuimaliza.

Niliona.

Nikamuuliza, "Dai, thik cha?" Kaka, uko sawa?

"Thik cha," akajibu. Niko sawa.

Nikarudi kwenye ramani yangu.

Shanta

Nilikuwa wiki ya tano na shanta mgongoni. Delhi, Agra, Varanasi, kisha treni mpaka Gorakhpur na basi mpaka Sunauli, pale India inapopakana na Nepal. Yaliyonipata njiani huko ndiyo yanayowapata wengi, sitayarefusha. Varanasi tumbo lilinilaza siku tatu. Chaja ya simu niliiacha kwenye behewa. Sunauli nilitembea moja kwa moja mpaka ndani ya Nepal bila kugongewa muhuri wa kutoka India, kwa sababu ofisi ya uhamiaji ya India imejificha kati ya maduka, na wenyeji wa pande zote mbili wanapita tu kama watu wanaokwenda gulioni. Afisa wa Nepal alifungua pasipoti yangu, akaipekua mpaka mwisho, akaninyooshea kidole nilikotoka. Nikarudi, nikagongewa, nikalipa dola 50 za viza ya siku 30, nikasogeza saa yangu mbele kwa dakika 15. Nepal wana saa yao: dakika 15 mbele ya India, saa 2 na dakika 45 mbele ya Moshi.

Pokhara nilikutana na rafiki yangu wa tangu sekondari, aliyekuja kwa ndege kupitia Doha. Mpango wetu ulikuwa kuzunguka milima ya Annapurna na kuvuka Thorong La, njia ya juu yenye mita 5,416.

Mimi ni mtoto wa Marangu. Nimeamka nikiiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, utoto wangu wote na sijawahi kufika juu yake. Kwetu mlima ni kazi. Baba alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wagumu, kama wanavyojiita wenyewe, na nilikua nikijua kwamba watu wanaopanda wakiwa na mikono mitupu hutoka mbali. Sasa mimi nilikuwa mbali, na kwa mara ya kwanza nilikuwa huyo mtu.

Nilikuwa nimejiapiza sitamkodi mpagazi.

Kiapo kilidumu siku mbili. Mwongozaji ilikuwa lazima, maana tangu Aprili 2023 Nepal hawaruhusu mgeni kutembea njia hizo bila mwongozaji mwenye leseni. Mpagazi ilikuwa hiari, lakini rafiki yangu ana goti bovu, na bwana wa kampuni tuliyokwenda akaniambia maneno niliyoyajua kwa moyo: usipomkodi mtu, umemsaidia nini? Kwetu ndivyo tunavyosema. Ada yangu ya shule ilitoka kwa watu waliokubali kubebewa mabegi yao na baba. Kama wote wangeapa kiapo changu, mimi ningesoma kwa fedha ipi?

Nikakubali. Mpaka leo sioni kosa katika kukubali kule.

Mizani

Geti la Marangu na geti la Machame, mzigo wa mpagazi hupimwa: kilo 20, vitu vyake binafsi kando. Asubuhi wanapanga foleni pale kwenye mizani, na nimewahi kuona mzigo ukizidi kidogo, kiongozi wa safari akatoa chupa za maji moja moja mpaka mshale ukarudi. Baba husema enzi zake mizani ilikuwa shingo ya mtu.

Pokhara hapakuwa na mizani. Kampuni ilitupa mabegi mawili marefu ya turubai tuweke vitu vyetu, kijana mmoja akayanyanyua kwa mkono, akasema thik cha. Ndiyo mara ya kwanza nililisikia neno hilo.

Tulipofika Chame, gari lilipotushusha, niliomba mizani kwenye duka la mama mmoja aliyekuwa akiuza matufaha. Kilo 23. Tulikaa barazani kwake tukatoa vitu: suruali mbili za jinzi, chupa kubwa ya shampuu, vitabu vitatu, viatu vya akiba ambavyo hatukuwa na haja navyo. Tukamwachia mama yule vyote. Mizani ikasoma 19. Mpagazi wetu alisimama pembeni akitazama, na sikuweza kujua anafikiri nini.

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Nilijiona nimefanya kwa baba wa mwingine kile ambacho hakuna aliyemfanyia baba yangu. Nimelirudia sana wazo hilo wiki hizi, kwa sababu baada ya usiku ule niliacha kutazama. Uzito niliupima, ukaonekana kwa namba, nikadhani kazi yangu imekwisha.

Bistare

Jina lake sitaliandika. Alikuwa amenipita kama miaka kumi, kwa hiyo nilimwita Dai, kaka mkubwa, kama walivyomwita wote. Yeye aliniita bahini, mdogo wangu wa kike. Nepal huwezi kumsemesha mtu mpaka ujue yeye ni nani kwako, na hilo lilinifanya nijione nyumbani kuliko kitu kingine chochote kule.

Wageni Kilimanjaro hufundishwa neno moja kabla ya mengine yote: pole pole. Kule ni bistare, bistare. Maana ni ileile, na husemwa kwa mvuto uleule, na mtu aliyegeuza shingo nusu tu kwa sababu mzigo haumruhusu kugeuka zaidi.

Jioni moja huko Pisang tulikaa karibu na jiko tukisaka maneno tunayochangia. Sabun ni sabuni. Hisab ni hesabu. Duniya ni dunia, gadi ni gari, achar ni achari. Nilimchorea Afrika nyuma ya karatasi ya bili, nikachora mlima karibu na bahari, nikaandika urefu wake. Aliuliza mambo mawili kupitia kwa mwongozaji. Una theluji? Na wabebaji wanalipwaje?

Halafu akagusa paji la uso wake: wanabeba hivi? Nikamwambia hapana, kwetu ni kichwani, shingoni, mabegani. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kama mtu anayewaonea huruma.

Kule mzigo hubebwa kwa namlo, ukanda mpana unaopita chini ya mzigo na kuja kukaa juu ya paji. Yeye alikuwa na alama yake pale nywele zinapoanzia, mstari wa ngozi ngumu inayong'aa, upana wa vidole vitatu. Akivua kofia mwanga wa jiko ulikuwa unaukamata. Baba ana nundu nyuma ya shingo, chini kidogo ya ukosi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napenda kuigusa.

Watu wengi hudhani kila Mnepali ni mtu wa milima mirefu, aliyezaliwa na mapafu ya peke yake. Dai alitoka vilima vya chini vya wilaya ya Gorkha, kwenye mpunga na mahindi. Tetemeko la 25 Aprili 2015 lilianzia wilaya hiyohiyo. Alituonyesha kwa mikono miwili jinsi nyumba yake ilivyokaa chini, akatuonyesha kwa vidole watoto ni wawili, na kwa mwongozaji tukaelewa kwamba nyumba mpya bado ina deni na kwamba Tihar, sikukuu yao ya taa, ilikuwa inakaribia. Mtu wa Gorkha akipanda mita 4,000 damu yake inahangaika kama ya mtu wa Marangu. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Marangu yetu iko chini sana ya Kibo.

Manang tulipumzika siku nzima ili mwili uzoee. Mchana tulikwenda kwenye kituo cha Himalayan Rescue Association, ambako madaktari huwaeleza wapandaji dalili za ugonjwa wa mwinuko. Kichwa kuuma. Kukosa hamu ya kula. Kichefuchefu. Kuchoka kupita kiasi. Mtu ukimwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino kigusane na vidole, akiyumba, hiyo ni hatari na hakuna kungoja, ashuke. Daktari akasema tuwatazame na wapagazi wetu pia, kwa kuwa wao huficha.

Niliandika yote kwenye daftari. Kukosa hamu ya kula nilikipigia mstari.

Ila

Sisi tuliokua na Kiswahili tunajua jambo ambalo hakuna aliyetukalisha akatufundisha. Jibu la kwanza si jibu.

Hujambo? Sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Kisha kimya kidogo, mtu anatazama pembeni, anakuna mkono, ndipo linapokuja: ila huyu mdogo ana homa tangu juzi. Hata msiba huja hivyo. Mtu amefiwa jana, na bado akisalimiwa anajibu nzuri, kwa sababu salamu ni mlango na hakuna anayeweka jeneza mlangoni. Unaingia kwanza. Unakaa. Unangoja.

Kungoja ile "ila" ndiyo adabu yenyewe. Bibi yangu alikuwa akimwona mtu amesalimia na kupita, anasema huyo hakusalimia, amepiga hodi akakimbia.

Na mimi pale Ledar nilipiga hodi nikakimbia.

Niliuliza thik cha nikiwa tayari nimeinamisha kichwa kwenye ramani. Mwongozaji alikuwa ametuambia theluji inatarajiwa baada ya siku mbili. Tukilala Thorong Phedi kesho na kuvuka alfajiri inayofuata, tunaiwahi. Tukichelewa siku moja, pengine hatuvuki kabisa. Kila anayepita njia ile anaijua Oktoba 2014, dhoruba ya theluji iliyoletwa na mabaki ya kimbunga Hudhud ikawakuta watu kwenye Thorong La na milima ya jirani na kuua zaidi ya 40, wageni na Wanepali, waongozaji na wapagazi miongoni mwao. Kwa hiyo hofu ya mwongozaji haikuwa ya kubuni. Lakini nikisema ni hofu ya theluji iliyonifunga mdomo, nitakuwa nadanganya. Nilitaka kufika juu. Nilikuwa nimetoka Marangu mpaka Annapurna ili nifike juu ya kitu, na mtu mmoja kukosa sahani ya pili kulikuwa kunanisimamia njiani.

Nilijiambia: amezoea.

Hilo ni neno nililolichukia maisha yangu yote, kwa sababu ndilo walilolisema kuhusu baba.

Saa 8 usiku nilitoka kwenda msalani. Wapagazi hulala kwenye mabenchi ya chumba cha kulia, na ilinibidi nipite pale. Jiko lilikuwa limezimika. Wengine wote walikuwa wamelala wamejifunika mpaka utosini. Yeye alikuwa ameketi wima, blanketi mabegani, kichwa amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kisipasuke. Taa yangu ilimgusa usoni. Akashusha mikono haraka.

"Thik cha?"

"Thik cha."

Nilikuwa na vidonge vya Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, mfukoni. Nilikuwa na daftari lenye mstari chini ya maneno manne. Nikaenda msalani, nikarudi, nikalala. Tangu kile kiganja juu ya sahani mpaka nilipofumbua mdomo zilipita saa 11.

Kushuka

Asubuhi alifunga mabegi kama kawaida, akachuchumaa, akaweka namlo kichwani, akainuka. Mzigo ukamvuta upande. Hatua moja tu, akajirudisha. Kama ningekuwa nimegeuka kufunga kamba za viatu nisingeona.

Nikamwomba atembee mstari. Akacheka, akadhani ni mchezo. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu mkono ukaenda ukutani.

Ndipo nilipopata sauti.

Mwongozaji alisema kichwa kitapoa akianza kutembea, kisha akanyamaza, maana alijua kwamba najua kuwa anajua. Alikuwa kijana wa miaka 24, naye ana watu wanaomtegemea na kampuni inayomsubiri. Rafiki yangu aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama hatuwezi kumpa hela ashuke mwenyewe. Manang haiko mbali na njia ina watu. Wala hakuwa na ubaya moyoni. Ndivyo inavyofanyika mahali pengi, ndivyo ilivyofanyika kwa baba. Nikamwambia hawezi kushuka peke yake. Nilivyolisema nadhani hakuona nafasi ya kubisha.

Tukagawana. Rafiki yangu na mwongozaji waliendelea na begi moja, la kwake. Mimi nikashuka na Dai na begi langu.

Lile begi la turubai halikuwa na mikanda ya mabegani. Nikavaa namlo.

Nimebeba mikungu ya ndizi tangu nina miaka minane. Mama alikuwa akituwekea ngata ya majani makavu na kutuongoza mpaka soko la Marangu Mtoni, na nilidhani najua mzigo ni nini. Mzigo wa kichwani unakushukia. Ukinyoosha mgongo unakutii. Namlo inakuvuta kwa nyuma kama mtu aliyekukamata nywele. Ukiweka ukanda chini kidogo, unashuka kwenye nyusi na macho yanajaa machozi. Ukiuweka juu, unateleza na shingo inarudi kwa ghafla. Pana mahali pamoja tu panapokubali, upana wa vidole vitatu, na nilipopapata nilijua nimeshika mahali gani.

Kilo kumi hivi. Yeye alikuwa akibeba karibu mara mbili yake.

Mara mbili alisimama akanyoosha mikono aichukue. Mara mbili nikakataa. Baada ya hapo alitangulia hatua ishirini mbele na hakugeuka tena. Tulipita kuta za mawe ya sala tukiziacha kulia kwetu, kama desturi, tukapishana na watu wanaopanda, nyuso nyekundu, furaha tele. Namaste, namaste. Waliniona mwanamke mweusi mwenye namlo na Mnepali aliyenitangulia mikono mitupu, wakageuka kutazama tena. Mmoja aliomba kutupiga picha. Dai akajifunika uso kwa kofia.

Sikufikiri jambo lolote kubwa njiani. Nilihesabu hatua na kumtazama miguu, kama anayumba.

Alichosema Manang

Kituoni walimpima oksijeni kidoleni, wakamsikiliza kifua, wakamtembeza mstari. Daktari alisema asipande tena, apumzike pale chini ya uangalizi, kisha aendelee kushuka. Alisema pia kwamba kama angepanda siku ile, mambo yangeweza kuwa mengine.

Nilijiandaa kwa shukrani. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, shingo ikinichoma, na nilikuwa nasubiri kushukuriwa.

Dai akanigeukia akasema maneno mengi, zaidi ya yote aliyowahi kuniambia tangu tuanze safari. Sauti haikupanda. Kijana wa kituoni akanitafsiria huku akitazama sakafu: anasema umemharibia kazi. Kampuni watasema ni dhaifu, msimu huu hawatampa safari nyingine. Anasema angefika. Anasema hakukuomba.

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Nilimlipa siku zote mpaka mwisho wa safari tuliyopanga, na tipu juu yake. Alihesabu, akaweka ndani ya kofia, akaivaa. Nilipiga simu kwenye kampuni kueleza kwamba yeye hakukataa kazi, kwamba ni mimi niliyeamua. Aliyepokea alisema thik cha, hakuna shida. Sikuamini, lakini nitafanya nini zaidi kwa simu, kutoka bonde lile, kwa lugha isiyo yangu wala yake?

Ndipo yalipoanza mashaka. Tukiwa tunashuka nilikuwa na hakika ninamshusha yeye. Pale kwenye kiti cha plastiki nilijiuliza kama nilikuwa nimemshusha baba. Kama ndivyo, basi nilimtumia mtu mwenye deni la nyumba na watoto wawili ili nimalize hesabu ya Marangu, na bili ya hesabu hiyo ameilipa yeye. Wakati huohuo oksijeni ilikuwa chini, na ukuta wa Ledar aliushika kwa mkono wake mwenyewe. Mambo haya mawili nayabeba pamoja. Hayajapatana.

Kesho yake alikula. Sahani moja na nusu, nilihesabu.

Tuliteremka kwa jipu mpaka Besisahar, kisha basi mpaka Dumre, pale njia inapogawanyika: mimi Pokhara, yeye upande wa Gorkha. Alishuka, akafunga kamba yake ya namlo kiunoni, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Bistare, bahini," akasema.

Ni neno la kuaga pia, nenda taratibu. Huambiwa kila mtu.

Koti jekundu

Sasa nifike kwenye lile lililonikosesha usingizi wiki saba hizi.

Nyumbani kwetu, nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi, linaning'inia koti jekundu la baridi, zito, zipu mbovu. Baba alipewa na mzungu mmoja kule Kibo Hut, mita 4,720, siku aliyougua. Nilikuwa darasa la kwanza. Alianza kuumwa kichwa Horombo, kituo cha chini yake, akaendelea mpaka Kibo, akatapika, akaambiwa ashuke. Peke yake, usiku unaingia. Aliokotwa kando ya kijito na mpagazi mwingine aliyekuwa akiteremka, akaletwa nyumbani amevaa koti hilo. Mama akampa mtori. Baba akaweka kiganja juu ya bakuli.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hiyo ndiyo sababu ya kuona kwangu kule Ledar. Nilikijua kiganja kile kabla sijajua kusoma.

Maisha yangu yote nilimchukia mwenye koti. Simjui jina wala nchi. Nilimfanyia sura yangu mwenyewe, ya mtu anayetazama kilele huku mwenzake anatapika miguuni pake, halafu anatupa koti kama anavyotupa sarafu. Nilipokuwa nikikua, nilipokuwa nikisoma kwa fedha za mlima, nilikuwa na huyo mtu kichwani: aliyekuwa na macho na hakuona.

Mwezi uliopita nilikaa na baba chini ya migomba, nikamwonyesha picha kwenye simu. Alizipenda. Alivuta picha ya namlo ikawa kubwa, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza kamba inafungwaje. Nikamsimulia habari za Dai. Nilisimulia vizuri, kuanzia asubuhi: kuyumba, mstari, kushuka, mzigo.

Baba akauliza swali moja.

"Alikataa chakula lini?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Jioni, baba. Jioni ya kabla."

"Ukamuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema yuko sawa."

Baba akatikisa kichwa pole pole. Hakunilaumu. Alisema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Hata yule wa koti aliniuliza. Pale Horombo, wakati wa kula. Aliniuliza, okei? Nikamwambia okei."

Sikuwahi kulijua hilo.

Karibu miaka thelathini koti limekaa nyuma ya mlango na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu yule aliuliza. Baba hakuona ni jambo la kusimulia. Aliinuka kwenda kumkatia ng'ombe majani, na mimi nikabaki na simu mkononi, picha ya namlo bado imevutwa, nikijaribu kuitafuta ile sura niliyomchukia kwayo yule mtu. Haikuja. Kila nilipoivuta ilikuja meza ya Ledar, na ramani, na mkono wangu mwenyewe uliokuwa umeshika penseli.

Sijui alikuwa anatazama nini pale Horombo aliposikia okei. Labda ramani. Labda alikuwa na daftari.

Juzi nilimwandikia mwongozaji wetu kwa WhatsApp, Kiingereza chetu kilekile cha njiani. Nikamuuliza hali, familia, theluji, kisha nikamuuliza Dai yukoje.

Alijibu ndani ya dakika moja. "Dai thik cha."

Niliisoma mara nyingi. Kisha nikaandika tena: amepata safari nyingine msimu huu? Kampuni walisemaje? Kichwa chake? Deni la nyumba? Nikaandika kwamba sina haraka, kwamba nangoja.

Tiki mbili ziligeuka bluu jana jioni. Simu iko hapa mezani, nimeiacha wazi.